GUNIA TUPU SI TAKATAKA

Mazungumzo kwa wanachama na akina mama washonaji, Griftu, Kaunti ya Wajir



Nimeombwa niseme habari ya magunia, na hasa magunia ya kahawa, jinsi yanavyoweza kugeuzwa kuwa mifuko, mazulia na vitu vingine vya kuuza. Mtu anaweza kuuliza: chama cha wafanya kazi kina shughuli gani na magunia? Kazi yetu ni mishahara, likizo na malipo ya uzeeni. Na tena kahawa inatafuta nini hapa Griftu, katika nchi ya ngamia na mbuzi, ambako hakuna shamba hata moja la kahawa?

Jibu ni fupi. Hapa kwetu mshahara mmoja hulisha watu wengi. Mwalimu, dereva, mlinzi, mfagiaji wa hospitali, kila mmoja ana mama, ndugu na binamu wanaomtazama kila mwisho wa mwezi. Zamani jamaa hao walikuwa na mifugo yao, na pengine wao ndio waliomsaidia mwenye mshahara kwa maziwa na nyama. Lakini tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo mingi sana ikafa kaskazini yote. Mzigo ukaja juu ya mshahara. Ndiyo sababu nyumba nyingi zinatafuta shilingi ya pili, na mara nyingi anayeitafuta ni mke, dada au mama wa mwanachama, akishona nyumbani. Mtu huyo ni mfanya kazi kama sisi. Ila yeye hana karatasi ya mshahara, hana saa za kazi, wala hana chama. Kwa hivyo habari hii ni yetu.

NJIA YA GUNIA

Kwanza tulitazame gunia lenyewe. Gunia la kahawa la kawaida hufumwa kwa nyuzi za mmea uitwao juti. Mmea huu hupandwa zaidi katika Bangladesh na upande wa Bengal katika India. Wakulima huukata, huuloweka majini siku nyingi mpaka gome lilegee, kisha husimama katika maji hayo hayo wakizivua nyuzi kwa mikono. Kazi ngumu, na malipo yake si makubwa.

Hapo zamani nyuzi hizo zilichukuliwa kwa meli mpaka mji wa Dundee, katika Scotland. Viwanda vya Dundee vilijaa wanawake. Wao ndio waliokuwa wengi kuliko wanaume mbele ya mitambo, katika vumbi na kelele, kwa ujira mdogo. Mwaka 1906 wafanya kazi wa juti wa mji ule waliunda chama chao, na wanawake wakawa ndio wingi wa wanachama. Baadaye kazi ya kufuma magunia ilihamia zaidi Calcutta, na huko nako wafanya kazi wakaunda vyama. Afrika ya Mashariki nayo ilifuma magunia yake, ya katani, maana Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Katika mwaka 1964 ilitoa zaidi ya tani 200,000.

Gunia likifika Kenya hukutana na kahawa. Mkulima wa Nyeri, Kirinyaga au Kiambu huchuma buni mbivu, kiwanda cha ushirika huzimenya na kuziosha, kisha hukaushwa juani juu ya meza za waya. Zikiwa bado na ganda hupelekwa katika magunia mpaka kinuni. Huko hukobolewa na kuchaguliwa kwa ukubwa na uzito: AA, AB, PB, C na kadhalika. Hizo ndizo herufi mnazoziona zimepigwa chapa juu ya gunia. Kahawa huuzwa katika mnada wa Nairobi, na gunia la kuvuka bahari hutiwa kilo 60. Duniani kote biashara ya kahawa huhesabiwa kwa gunia hilo la kilo 60.

Kisha gunia hufika Mombasa. Wazee wetu wa bandarini walilibeba mgongoni. Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na katika mgomo ule kikatokea chama cha African Workers' Federation, kiongozi wake akiwa Chege Kibachia. Serikali ya wakoloni ilimkamata mwaka ule ule na kumpeleka mbali na watu wake. Machi 1955 watu wa bandari waligoma tena. Tom Mboya alisaidia katika mapatano, na nyongeza ya mshahara ikapatikana. Siku hizi magunia hufungiwa ndani ya makontena, lakini haki za mfanya kazi wa bandari hazikuletwa na kontena. Zililetwa na umoja.

Kwa nini nasimulia haya? Kwa sababu gunia moja limepita katika mikono mingi: aliyevua nyuzi majini, aliyefuma, aliyechuma buni, aliyekoboa, aliyepakia. Karibu kila mahali watu hao waliteswa na bei ndogo, na karibu kila mahali, walipopata nafuu, waliipata kwa chama au kwa ushirika. Sasa gunia limefika mkononi mwa mama wa Griftu mwenye mkasi na sindano. Huo ni mkono wa mwisho, na mkono huo hauna chama. Hapo ndipo penye neno langu la leo.

GUNIA GANI, NA KWA NINI SASA

Magunia mazuri ya chapa, yale ya kilo 60, mengi huenda zake ng'ambo na hayarudi. Mchoma kahawa wa London au Chicago akisha kumimina kahawa hubaki na gunia tupu. Huko nako watu huyashona kuwa mifuko na mito ya viti, na wateja hupenda hasa yale yenye jina la Kenya na herufi AA. Yanayobaki kwetu ni yale yaliyofanya kazi nchini: yaliyochukua kahawa yenye ganda kwenda kinuni, yaliyochanika, na yale ya wachoma kahawa wa hapa hapa Kenya. Hununuliwa kwa wauza magunia matupu wa mijini. Kadhalika buni huletwa hata kaskazini, maana kuna watu wengi huku wanaozikaanga kwa samli na kuzila katika shughuli zao. Malori yanayokuja na sukari na unga yanaweza kuchukua furushi la magunia matupu, ikiwa kuna mtu wa kuagiza.

Soko nalo limebadilika. Tarehe 28 Agosti, 2017, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni, 2019. Tangu siku hizo kila aendaye sokoni anahitaji mfuko wa namna nyingine. Mfuko wa gunia hauchaniki upesi, na ukiisha kazi huoza ardhini. Mbuzi akitafuna kipande chake hafi kama afavyo kwa plastiki.

Na jambo la tatu ni mikono yenyewe. Mwanamke wa kaskazini si mgeni wa nyuzi. Yeye ndiye anayesuka herio za kuwekea mizigo juu ya ngamia. Yeye ndiye anayesuka mikeka ya kufunika aqal, akivijenga na kuvibomoa kila watu wanapohama. Yeye hufuma vyombo vya maziwa kwa mizizi ya miti, kwa mfumo wa karibu sana hata maziwa hayapiti. Tena magunia matupu yamekwisha kuzoeleka kuwa viraka vya nyumba hizo. Basi anayeyajua hayo haitaji kufundishwa habari ya uzi na mfumo. Anachohitaji ni vipimo vya mnunuzi na hesabu ya bei.

KAZI YENYEWE

Sasa niseme jinsi kazi inavyofanywa, kwa ufupi, ili kila mmoja aweze kujaribu.

1. Kuchagua. Chukua gunia lililokuwa na kahawa, au nafaka. Usichukue gunia lililokuwa na mbolea, dawa ya kuua wadudu au dawa ya kuogeshea mifugo, hata likipendeza namna gani, hata ukilifua mara kumi. Likiwa na harufu usiyoijua, liache. Kuna harufu nyingine kama ya mafuta ya taa. Hiyo hutoka kiwandani, kwa maana juti hulainishwa kwa mafuta kabla ya kusokotwa. Mwaka 1998 ilitolewa kanuni ya kimataifa kwamba magunia ya chakula yatumie mafuta ya mimea badala ya yale ya petroli, lakini ya namna ya zamani bado hupatikana. Hayo yafaa kwa zulia la mlangoni. Kwa kikapu cha chakula hayafai.

2. Kusafisha. Wenzetu wa Nairobi hufua magunia kwa maji mengi. Hapa maji ni ya kuhesabiwa, na mtu hawezi kumnyima ngamia maji ili afue gunia. Basi ligeuze ndani nje, litundike, ulipige kwa fimbo mpaka vumbi liishe. Funika pua na mdomo kwa kitambaa, maana vumbi la gunia huingia kifuani, na usifanye kazi hiyo karibu na watoto. Halafu lianike juani siku tatu au nne, ukiligeuza. Jua la Griftu ni kali, na ni la bure. Madoa peke yake ndiyo yafutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni.

3. Kufumua na kupima. Fumua mshono, usikate. Gunia la kahawa la kawaida hupata kama sentimita 70 kwa 100. Ikiwa lilishonwa ubavu mmoja na chini, likifunuka utapata kipande cha kama sentimita 140 kwa 100. Kipande hicho hutoa mifuko mitatu ya sokoni. Kila mfuko huchukua upana wa sentimita 45 na urefu wote wa 100. Urefu ule hukunjwa ukawa mbele, chini na nyuma bila ya mshono wa chini, na kwa hivyo chini hapapasuki. Weka kipimo chako ili herufi zikae katikati ya mbele. Herufi zile ndizo mapambo, usizifiche.

4. Kukata. Gunia likikatwa ovyo hufumuka kama mchanga unavyomwagika. Vuta uzi mmoja utoke pale unapotaka kukata, nawe utaona mstari ulionyoka. Piga mishono miwili ya cherehani kila upande wa mstari, ndipo ukate katikati. Asiye na cherehani ashone ukingo kwa mkono kwanza.

5. Kushona. Tumia shazia na uzi wa nguvu. Tia bitana ndani, ya kitambaa cha pamba au ya kanga kuukuu, ili nyuzi zisishike nguo za mnunuzi. Mishikio ishonwe mpaka chini ya mfuko, isiishie mdomoni, maana mfuko huchanika pale uzito unapovuta.

6. Ngozi. Hili ni la kwetu. Mfuko wa gunia peke yake unaweza kushonwa Thika au Nakuru, nao walio karibu na kahawa watauuza rahisi kuliko sisi. Lakini mfuko wa gunia wenye mishikio ya ngozi ya mbuzi iliyolainishwa vizuri, wenye pindo lililosukwa kama herio, huo ni wa kaskazini. Hapa Griftu kipo chuo cha mafunzo ya wafugaji. Yafaa kuwauliza walimu wake habari ya utengenezaji wa ngozi. Ngozi inayotupwa leo nyuma ya machinjio ni nusu ya bei ya mfuko wa kesho.

Na msianze na vitu vya watalii, kwa maana watalii hawapiti hapa. Anzeni na vitu ambavyo mji wenyewe unavitaka: mfuko wa sokoni, mfuko wa shule, zulia la mlangoni, na hasa koti la dumu la maziwa. Kina mama wauza maziwa ya ngamia wanajua kwamba dumu likivikwa gunia lililoloweshwa, upepo hulipoza. Maji yanapokauka katika gunia huondoka na joto. Koti lililoshonwa kwa kipimo, lenye mshikio na kifuniko, litanunuliwa hapa hapa, na maziwa hayataharibika upesi njiani.

HESABU YA MSHONAJI

Sasa nafika penye uchungu. Mshonaji akiulizwa, "Mfuko huu umekugharimu nini?" husema bei ya gunia na bei ya uzi. Hataji kazi yake. Na asiyetaja kazi yake, mnunuzi naye hataitaja.

Tufanye hesabu. Hesabu hii ni mfano tu. Kila mtu ajaze bei za siku yake. Tuseme gunia ni Shs. 150/-, nalo limetoa mifuko mitatu, basi kila mfuko Shs. 50/-. Bitana Shs. 60/-, ngozi Shs. 70/-, uzi Shs. 20/-. Jumla Shs. 200/-. Mwenye duka anakuja, anasema, "Nitakupa Shs. 300/-." Mshonaji anafurahi: faida ya Shs. 100/-! Lakini mfuko ule, kwa kupiga vumbi, kufumua, kukata na kushona, umemchukua saa tano. Gawanya. Ni Shs. 20/- kwa saa. Hakuna kibarua mwanamume katika mji huu atakayekubali kuchimba shimo kwa ujira huo, na akikubali sisi chamani tutapiga kelele. Lakini mkewe anaufanya kazi ujira huo huo nyumbani, nasi tuko kimya.

Basi kanuni ni hii. Chukua ujira wa siku wa kibarua wa hapa mjini, ugawanye kwa saa nane. Tuseme kibarua analipwa Shs. 640/-. Saa moja ni Shs. 80/-. Saa tano ni Shs. 400/-. Ongeza vifaa Shs. 200/-, jumla Shs. 600/-. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya mfuko wa kikundi, Shs. 60/-. Bei ni Shs. 660/-. Chini ya hapo mshonaji anamlipa mnunuzi kutoka katika mwili wake mwenyewe.

Mtu atasema, "Shs. 660/- hazipatikani Griftu kwa mfuko." Pengine ni kweli. Basi kuna njia mbili za haki: kupunguza saa kwa kugawana kazi, mmoja akate, mwingine ashone, mwingine atie ngozi, au kupeleka mali mahali inapopata bei yake. Kupunguza ujira wa mkono si njia. Na njia zile mbili haziwezekani kwa mtu mmoja peke yake. Zinataka watu wengi pamoja.

MIFANO YA UMOJA

Msidhani nasema ndoto. Kule Isiolo kuna akina mama wa ushirika wa Anolei, wauzaji wa maziwa ya ngamia. Hukusanya maziwa na kuyapeleka kwa basi mpaka Eastleigh, Nairobi. Mama mmoja na dumu lake moja hawezi kupatana na mwenye basi, lakini kikundi kinaweza.

Na hapa Wajir kwetu, mwaka 1993, wakati ugomvi wa koo ulipokuwa umefika hata sokoni, mwanamke wa ukoo huu haruhusiwi kununua kwa mwanamke wa ukoo ule, ni wanawake walioketi pamoja wakakata shauri kwamba soko liwe la wote, wakaweka watu wa kuangalia jambo hilo lifuatwe. Marehemu Dekha Ibrahim Abdi alikuwa mmoja wao, na mwaka 2007 dunia ikamtunukia Right Livelihood Award. Kama walio katika vita waliweza kukubaliana juu ya soko, sisi hatuwezi kukubaliana juu ya bei ya mfuko?

Mfano wa tatu unatoka mbali, lakini unafanana sana na wetu. Katika mji wa Ahmedabad, India, mwaka 1972, mwanasheria wa chama cha wafanya kazi wa viwanda vya nguo, Bibi Ela Bhatt, pamoja na wanawake wachukuzi na wachuuzi, waliomba kusajili chama, Self Employed Women's Association, kifupi SEWA. Msajili alikataa mwanzoni. Alisema hawa hawana mwajiri, watagombana na nani? Wao wakajibu kwamba chama ni cha kuwaunganisha wafanya kazi, si lazima kiwe kinyume cha mtu. Kikasajiliwa.

Katika mji ule walikuwako wanawake, wengi wao Waislamu wakaao nyumbani, walioshona mifarishi kwa vipande vya nguo vilivyobaki viwandani. Mfanya biashara aliwaletea vipande, akachukua mifarishi, akalipa kidogo kwa kila mmoja. Cherehani na uzi vilikuwa juu yao. Mwaka 1977 walianza kudai nyongeza kwa msaada wa SEWA. Walipodai, walinyimwa kazi. Ndipo wakaunda ushirika wao, wakanunua vipande viwandani moja kwa moja, wakauza wenyewe. Tazameni: takataka ya kiwanda, sindano, nyumba, na mtu wa katikati. Ndiyo habari yetu ya magunia, neno kwa neno.

SHAURI LANGU

Kwanza, akina mama waunde kikundi. Sheria ya Kusajili Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua kumi. Waende ofisi ya maendeleo ya jamii pamoja na majina na kanuni zao.

Pili, magunia yaagizwe kwa pamoja. Wanachama wetu madereva waulizwe nani anarudi na nafasi katika lori.

Tatu, kiwepo kitabu: nani alichukua gunia, nani alirudisha mifuko mingapi, nani alilipwa nini. Kitabu kisomwe mbele ya wote kila mwezi. Fedha isiyosomwa hadharani huvunja kikundi kabla ya mwaka.

Nne, bei iwe moja, na asiwepo wa kuuza kwa siri chini yake.

Tano, watoto wasitolewe shuleni kuja kupiga vumbi la magunia.

Sita, chama chetu kiwape meza ya kuuzia siku ya mkutano, na karani wetu awasaidie kuandika kitabu mpaka wapate karani wao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inasema kila mtu ana haki ya kutendewa kwa haki katika kazi. Haikusema kila mtu mwenye barua ya kuajiriwa.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza.

MASWALI YALIYOULIZWA

Swali: Magunia mengi hapa si ya juti, ni yale meupe ya nailoni ya unga na sukari. Je, nayo yashonwe?

Jibu: Yanaweza kushonwa, na ni heri kuliko kuyachoma, maana moshi wake ni mbaya. Lakini jua huyala. Yakikaa nje hukatika vipande vidogo ambavyo mifugo huvitafuna. Basi yatieni ndani kama bitana, juti ikae nje, na msiyauze kama mfuko wa juti. Mnunuzi aambiwe kweli.

Swali: Mwenye duka amesema atatupa magunia, uzi na bitana bure, nasi tumletee mifuko kwa Shs. 100/- kila mmoja. Si heri hiyo, kwa kuwa hatutoi fedha zetu?

Jibu: Mtu anayekupa vifaa, akakuambia ushone namna gani, akachukua mali yote, huyo ni tajiri wako, ijapokuwa unashonea nyumbani kwako. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba juu ya kazi za nyumbani za namna hii mwaka 1996, likasema wafanyao kazi hizo watendewe sawa na wenzao. Mwulizeni saa ngapi kwa mfuko, na kwa saa ngapi. Ikiwa saa tano kwa Shs. 100/-, hesabu mmekwisha kuiona. Mwambieni alipe kwa kipimo cha kibarua, na aandike katika kitabu. Akikubali, fanyeni kazi naye, hana ubaya. Akikataa, mmejua kwa nini vifaa vilikuwa vya bure.

Swali: Na mama mwenye njaa leo, asiyeweza kungoja kikundi, akauza kwa bei ndogo, tumfanyeje?

Jibu: Msimtukane wala msimfukuze. Ile sehemu ya kumi ya kila mfuko ni kwa ajili yake. Kikundi kinunue mfuko wake kwa bei ya haki, kimpe fedha leo, kiuze baadaye. Watu hawawezi kugoma mpaka mtu mwenye njaa apate wa kumlisha. Kikundi kisichoweza kumshika mmoja siku ya shida hakitaweza kushika bei siku nyingine.

Mwisho wa maswali, akina mama wasiopungua kumi walitoa majina yao kwa karani. Mkutano wa kwanza wa kuandika kanuni utatangazwa katika ubao wa tawi. Kila ajaye alete gunia moja na mkasi.